Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Damu ya Mtoto Mchanga Ikauke Kwanza, Baridi Ifuate

Matone machache ya damu ya kisigino, yaliyokaushwa kwenye karatasi ya chujio, hutumika kuwapima watoto wachanga magonjwa yasiyoonekana kwa macho siku za mwanzo: upungufu wa homoni ya thairoidi, fenilketonuria, galaktosemia, selimundu na mengineyo. Njia hii ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale Robert Guthrie wa Marekani alipoonyesha kwamba damu kavu kwenye karatasi inatosha kupima fenilketonuria. Barua nyingi mlizotuandikia safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kadi huharibikaje baada ya damu kuchukuliwa, na tuihifadhi vipi?

SWALI (mkunga, wodi ya wazazi): Gari la kupeleka sampuli huondoka saa sita mchana. Mtoto akitolewa damu saa nne na nusu, naweka kadi chini ya taa ya joto ili iwahi kukauka, kisha naifunga kwenye mfuko wa nailoni. Maabara wamenirudishia kadi kadhaa wakisema hazifai, ingawa kwa macho yangu zilikuwa zimekauka. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu mkunga, makosa ni mawili, na yote mawili yanaletwa na kulikimbilia gari.

La kwanza ni taa. Damu inayokaushwa kwa moto hupikwa. Protini hugandamana na nyuzi za pamba za karatasi, na maabara wakiloweka kipande chao kwenye dawa ya kuitoa damu, sehemu yake haitoki tena. Vimeng'enya navyo, yaani protini zinazoendesha kazi za kemia mwilini, huharibika. Hita, kikausha nywele, jua la dirishani, au mgongo wa mashine yenye moto, vyote ni kosa lile lile.

La pili ni mfuko. Uso wa doa hukauka mapema na kukudanganya. Lakini duara la milimita 12 au 13 lililojaa vizuri lina takriban mikrolita 75 za damu, na maji yaliyo katikati ya karatasi hutoka polepole. Ukifunga nailoni kabla hayajatoka, umeyafungia humo. Safari nzima kadi itakuwa ndani ya mvuke wake yenyewe, na gari likipata jua, hali inakuwa mbaya zaidi.

Kadi ilazwe mlalo, mahali penye hewa na kivuli, kwenye nyuzijoto 18 hadi 25, kwa saa 3 kwa uchache. Siku za mvua iongezee muda. Madoa yasiguse meza wala kadi nyingine. Egesha kingo mbili za kadi ili hewa ipite juu na chini. Usiisimamishe ikiwa mbichi. Damu huteremka, chembe nyekundu zikarundikana chini, na ukumbuke kuwa maabara hutoboa kipande cha milimita 3.2 tu, chenye damu isiyozidi sana mikrolita 3. Kipande cha juu na cha chini cha doa hilo moja vitatoa majibu mawili tofauti.

Kujua kama imeiva, igeuze utazame nyuma. Doa bichi ni jekundu na linang'aa likielekezwa kwenye mwanga. Doa lililokauka ni la hudhurungi iliyokolea, halina mng'ao, na rangi ni moja mbele na nyuma. Ukiona utepe mwepesi wa njano umelizunguka doa, rudi nyuma hatua moja: huenda kisigino kilikamuliwa, au spiriti haikuachwa ikauke kabla ya kuchoma, au tone la kwanza halikufutwa.

Kuhusu gari, kadi ya saa nne na nusu isubiri gari linalofuata. Lengo ni kadi itoke kituoni ndani ya saa 24 tangu damu ichukuliwe, kwa hiyo nafasi unayo. Na kwa safari fupi, bahasha ya karatasi inayopitisha hewa ni salama kuliko nailoni isiyo na kikausha unyevu ndani yake. Kama gari ni moja tu kwa siku, zungumzeni wodini ili watoto wachomwe asubuhi na mapema.

SWALI (mtaalamu wa maabara ya uchunguzi wa watoto wachanga): Kila msimu wa joto na unyevu, idadi ya watoto wanaoonekana kuwa na galaktosemia kwenye kipimo chetu hupanda. Wakirudiwa, karibu wote ni wazima. Mashine imekaguliwa, vitendanishi ni vipya. Je, tushushe kiwango cha mpaka, ule mstari unaotenganisha jibu la mzima na la mgonjwa, wakati wa msimu huo?

JIBU: Msikishushe kabla hamjatazama upande wa pili wa daftari lenu, kwa sababu tatizo mnaloliona ndilo dogo.

Kipimo chenu kinapima kazi ya kimeng'enya cha GALT, kinachovunja sukari ya galaktosi. Mtoto mwenye galaktosemia ana GALT kidogo mno, kwa hiyo jibu la chini ndilo linalopiga kengele. Kadi ikipata joto na unyevu, GALT hupungua kwenye karatasi, na mtoto mzima anaonekana mgonjwa. Vimeng'enya vingine vinavyopimwa, biotinidasi na G6PD, ni hivyo hivyo. Familia inasumbuliwa, mtoto anachomwa tena, lakini kosa linaonekana na linarekebishwa.

Sasa tazama vipimo ambavyo ugonjwa hujulikana kwa jibu la juu. Tripsinojeni, inayopimwa kwa ajili ya sistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi wa mapafu na mmeng'enyo wa chakula), hupungua kadi inapokaa kwenye joto. Saksinilasetoni, kiashiria cha tairosinemia ya aina ya kwanza, huyeyuka vivyo hivyo. Asilikarnitini, zinazoonyesha magonjwa ya uchomaji wa mafuta mwilini, huvunjika. TSH, homoni inayopimwa kujua upungufu wa thairoidi, ni mvumilivu zaidi, lakini nayo ina kikomo. Hapa kuharibika kwa kadi humshusha mtoto mgonjwa hadi chini ya mstari, na anapita. Hakuna anayepiga simu, hakuna kadi inayorudiwa. Kadi iliyoharibu GALT yenu ni kadi ile ile iliyopimwa hayo mengine. Kwa hiyo mlolongo wa galaktosemia za uongo uchukulieni kama onyo juu ya shehena nzima, na lisiishie kwenye kipimo kimoja.

Fanyeni hivi. Kila siku chukueni jibu la katikati la watoto wote kwa kila kiashiria, mlichore kwenye grafu moja ya mfululizo. Watoto wagonjwa ni wachache mno kuweza kulisogeza, kwa hiyo likishuka, kilichobadilika ni kadi au kipimo. Sampuli zenu za udhibiti, zile zenye jibu linalojulikana za kukagulia kipimo, zikiwa sawa huku jibu la katikati la watoto likishuka, basi mashine haina kosa: udhibiti umelala kwenye friza yenu, kadi za watoto zimesafiri. Kisha tengeni grafu kwa kituo kilichotuma. Mara nyingi mtakuta mteremko wote unatoka njia moja au mbili za usafirishaji, kwa mfano pale ambapo kadi hulala kwenye sanduku la chuma lililopigwa na jua mwisho wa wiki.

Kwa mtoto mmoja mmoja, someni vimeng'enya pamoja. GALT ikiwa chini peke yake, huku biotinidasi na G6PD ziko vizuri, mpigieni simu daktari wake leo hii. Galaktosemia ya kweli huua haraka na haisubiri kadi ya pili. Vikiwa chini vyote vitatu kwa pamoja, kadi ndiyo ya kushukiwa kwanza, ingawa kurudia ni lazima. Kama mnapima pia galaktosi yote, inasaidia, ila galaktosi ya kawaida kwa mtoto ambaye bado hajanyonya vya kutosha isiwatulize. Na mtoto aliyeongezewa damu hubeba GALT ya mwenye damu, kwa hiyo jibu lake zuri halina maana.

Kubadili kiwango cha mpaka kwa msimu kunafanywa na baadhi ya maabara, na kunaweza kupunguza simu za bure. Lakini hakumrudishii mtoto wa sistiki faibrosisi tripsinojeni iliyopotea njiani. Tungependa muanze na mifuko, vikausha unyevu na ratiba ya usafiri, halafu ndipo mzungumzie mpaka.

SWALI (msimamizi wa stoo ya sampuli): Tuna nafasi ndogo kwenye friza, hivyo kadi nyingine zinakaa kwenye kabati la kawaida. Kipi huharibu zaidi, joto au unyevu? Na je, kadi iliyo kwenye friza inahitaji tena vifuko vya silika?

JIBU: Ukilazimika kuchagua kimoja cha kupambana nacho, pambana na unyevu. Mwaka 2011 watafiti wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, walichapisha jaribio lililohusu viashiria 34 vya uchunguzi wa watoto wachanga. Madoa yaliwekwa kwenye nyuzijoto 37 kwa takriban mwezi mmoja, kundi moja kwenye unyevu wa chini ya asilimia 30, jingine juu ya asilimia 50. Joto lilikuwa moja kwa makundi yote. Viashiria vingi vilivumilia vizuri pale palipokuwa pakavu, na uharibifu mkubwa ulikuwa upande wenye unyevu. Sababu inaeleweka: kimeng'enya kikavu kimelala, na asilikarnitini inahitaji maji ili ivunjike. Ukirudisha maji kwenye doa, kazi za kemia zinaendelea pale zilipoachia.

Ndiyo, friza inahitaji vifuko. Hewa ya friza ni baridi lakini si kavu kama watu wanavyodhani, na friza zinazojiyeyushia barafu zenyewe hupanda joto kidogo kila zinapofanya hivyo, kisha hushuka tena. Kadi iliyo wazi humo hupata barafu ya vumbi na unyevu zamu kwa zamu. Kwa kadi za muda mrefu tafuteni friza isiyojiyeyusha.

Ufungaji wenyewe ni huu. Kadi zilizokauka kabisa zipangwe zikitenganishwa na karatasi laini ya glasini, ili doa lisilale juu ya doa. Ziingie kwenye mfuko mnene wenye zipu usiopitisha hewa kirahisi, au wa tabaka la alumini. Nailoni nyembamba ya dukani hupitisha mvuke polepole, na baada ya miezi imekuwa kama haipo. Weka vifuko vya kukausha unyevu pamoja na kadi ya kuonyesha unyevu, bamba dogo lenye vidoa vilivyoandikwa 10, 20, 30 na kuendelea. Kandamiza hewa itoke, funga, andika tarehe kwa kalamu isiyofutika.

Watu hutuuliza vifuko vingapi. Jibu linategemea ukubwa wa mfuko na kadi zilizomo, na ndiyo sababu bamba la unyevu ni bora kuliko hesabu ya vichwani. Kidoa cha 30 kikibadilika kutoka bluu kwenda waridi, vifuko vimeshiba: vibadilishe siku hiyo, usingoje ukaguzi. Kama silika yenyewe ina rangi, soma maelezo ya mtengenezaji, maana ipo inayotoka bluu kwenda waridi na ipo inayotoka chungwa kwenda kijani.

Kuna kosa moja linaloharibu kazi hii yote kwa dakika tano. Mtu anatoa mfuko kwenye nyuzijoto hasi 20, anaufungua mezani palepale kutafuta kadi moja. Hewa ya chumba inagusa kadi baridi, na umande unatua juu ya madoa yote, kama unavyotua kwenye glasi ya maji ya barafu. Anafunga, anarudisha, na umande umebaki ndani. Mfuko ukae mezani ukiwa umefungwa hadi ufanane na joto la chumba, nusu saa kwa mfuko mdogo na zaidi kwa uliojaa. Ndipo ufunguliwe. Na kwa kuwa kila kufungua ni hasara, gawanyeni kadi kwenye mifuko midogo kwa tarehe, badala ya gunia moja la mwezi mzima.

Zile za kabatini zipewe mifuko na vifuko vile vile. Kama nafasi ya baridi ni ndogo, zipeni kipaumbele kadi ambazo hazijapimwa vimeng'enya.

SWALI (mama wa mtoto wa wiki tatu): Nimepigiwa simu nimrudishe mwanangu achomwe tena kisigino kwa sababu "kadi haikufaa". Sikulala usiku. Je, wamenificha ugonjwa?

JIBU: Mama, hongera kwa mtoto, na pole kwa usiku huo. Kadi isiyofaa ni tofauti na jibu baya. Maana yake ni kwamba hakuna jibu kabisa: damu haikutosha, au ililowa, au ilichelewa njiani, na maabara wamekataa kukisia. Wamefanya vyema.

Tunakuomba usiahirishe, hata kama mtoto ananyonya na kucheka. Faida ya kipimo hiki ni kuwahi. Mtoto mwenye upungufu wa homoni ya thairoidi anatakiwa aanze dawa ndani ya wiki chache za kwanza ili ubongo wake ukue vizuri, na wiki tatu tayari zimepita. Ukienda, taja umri wake kamili na kama amewahi kuongezewa damu, kwa sababu viwango vya kawaida hubadilika na umri. Mpakate akiwa amepata joto, miguu imefunikwa vizuri. Damu hutoka kwa urahisi na hachomwi mara mbili. Lakini akiacha kunyonya, akitapika mara kwa mara, akilegea, au macho yakizidi kuwa ya njano, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje kadi.

SWALI (muuguzi, kliniki ya selimundu): Tumepokea kadi zilizokaa miezi miwili kwenye droo. Madoa yamekuwa ya kahawia inayoelekea nyeusi. Bado yanafaa kupima selimundu?

JIBU: Rangi hiyo ndiyo jibu lenu. Damu mpya ni nyekundu kwa sababu hemoglobini yake imebeba oksijeni. Ikikaa, chuma kilichomo huoksidika, hemoglobini inageuka methemoglobini, doa linakuwa la kahawia, na baadaye protini yenyewe inapoteza umbo lake na haiyeyuki tena kwenye maji. Loweka kipande cha doa la wiki moja na maji yatapata wekundu. Loweka hicho chenu cha miezi miwili na huenda kikabaki cheusi huku maji yakipauka.

Kwenye mashine mtaona mistari iliyotawanyika au vilima vidogo visivyo na jina kando ya hemoglobini za kawaida. Kwa mtoto mchanga hili ni hatari kwa namna yake. Hemoglobini yake nyingi bado ni ya aina F, ile ya tangu tumboni, na ile ya A (ya kawaida) au S (ya selimundu) ni sehemu ndogo. Takataka za uzee wa doa zinaweza kuifunika hiyo sehemu ndogo ambayo ndiyo mnayoitafuta. Msitoe jibu la "hana" kwa kadi ya namna hii. Mwiteni mtoto, chukueni mpya. Asipopatikana, DNA ya kwenye doa hilo bado ni nzima na inaweza kuonyesha badiliko la S, kama mna maabara ya kufanya hivyo.

Kadi za selimundu zisizopimwa ndani ya siku chache ziwekwe kwenye friji au friza, kavu, kama tulivyoeleza hapo juu.

SWALI (daktari wa watoto): Mtoto wa miaka minne ana dalili za ugonjwa wa uchomaji wa mafuta, na ndugu yake mdogo hasikii vizuri. Kadi zao za kuzaliwa zipo, zimehifadhiwa kwenye joto la chumba. Naweza kuzitumia?

JIBU: Kwa huyo wa kwanza, kwa uangalifu mkubwa. Asilikarnitini zikikaa miaka kwenye joto la chumba huachia mkia wao wa mafuta na kugeuka karnitini huru, yaani isiyobeba mafuta. Kwa hiyo kiashiria cha ugonjwa kinashuka huku karnitini huru ikipanda kwenye doa lile lile. Mtoto mwenye upungufu wa kisafirisha karnitini, ambaye alama yake ni karnitini huru ya chini, anaweza kusomeka kama mzima kabisa. Asidi amino nazo hazifanani: fenilalanini hudumu vizuri, methionini huoksidika, glutamini hugeuka glutameti. Msilinganishe kadi hiyo na viwango vya leo. Tafuteni kadi za watoto wengine wa mwezi ule ule, zilizokaa kwenye rafu ile ile, mzipime pamoja kwa siku moja. Jibu la juu likiwa bado juu kati ya wenzake, lina uzito. Jibu la kawaida haliondoi ugonjwa. Nenda kwenye DNA.

Kwa mdogo wake, kadi hiyo ni hazina. Virusi vya CMV (saitomegalovirusi) vya tangu tumboni, ambavyo huweza kuharibu usikivu wa mtoto, vinaweza kuthibitishwa tu kwa sampuli ya wiki tatu za kwanza za maisha, na kadi ndiyo sampuli pekee iliyobaki. DNA ya virusi hudumu kwenye doa kavu. Ikionekana, umepata sababu. Isipoonekana, bado huwezi kukataa, kwa kuwa damu iliyomo ni kidogo na si kila mtoto aliyeambukizwa ana virusi vingi kwenye damu.

Kumbuka ruhusa ya wazazi kabla ya kutoboa. Nchi hazifanani kuhusu muda wa kutunza kadi: Sweden inazo za tangu 1975, Denmark inazihifadhi kwenye nyuzijoto hasi 20 tangu 1982, ilhali jimbo la Texas liliteketeza zaidi ya kadi milioni 5 baada ya wazazi kwenda mahakamani kwa sababu hawakuulizwa.

SWALI (mnunuzi wa vifaa): Tuna kadi tupu zilizopita tarehe ya mwisho. Ni karatasi tu, zinaharibika vipi?

JIBU: Karatasi hunywa unyevu wa hewani, na karatasi yenye unyevu hutawanya damu tofauti. Tone lile lile litaenea kwa upana mwingine, na kipande cha milimita 3.2 kitakuwa na damu pungufu au zaidi ya ile ambayo viwango vya maabara vilijengwa juu yake. Pia tarehe hiyo ndiyo dhamana ya mtengenezaji juu ya unywaji wa karatasi. Maabara nyingi hukataa kadi iliyopita tarehe, na mtoto huchomwa mara ya pili. Zitoeni kwenye rafu. Mpya zitunzwe kwenye kifungashio chake, zikiwa zimelala, mbali na sinki na dirisha, zisigandamizwe na mizigo, na mtu asiguse ndani ya duara hata akiwa amevaa glavu.